Nilimwahidi Mgongo Tu

Kama ndiyo kwanza unafungua ukurasa huu, karibu, vuta kiti. Msiba wangu hauhitaji maelezo marefu.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili na mpiga picha wa gazeti la chuo. Kaka yangu mkubwa alikuwa mwaka wa mwisho chuo hiki hiki, mpaka alipotolewa kwa kufeli. Mama hajui. Mama anaamini kifungua mimba wake bado anasoma.

Mnaonifuata tangu mwanzo mnakumbuka nilivyompigia Mama simu nikamwambia mahafali ya kundi la Kaka yamesogezwa hadi mwakani. Mama akasema, "Basi gauni langu nalirudisha kabatini." Hakulalamika. Afadhali angenitukana.

Hata hivyo tulikuwa na tumaini. Kaka ameomba arudishwe masomoni, na kamati inakaa wiki ijayo. Walimpa sharti moja: asikanyage eneo la chuo mpaka watoe uamuzi. Wakimkubali, mwakani atavaa joho kwa haki yake, na Mama hatajua kitu. Tulichotakiwa kufanya ni kutulia wiki moja tu.

Mimi hata hiyo wiki moja ilinishinda.

Wiki ya mahafali mpiga picha wa chuo hali akashiba, wala halali akaota. Jumatatu nilipiga picha za mdahalo wa vitivo viwili ambao nusura ugeuke ngumi. Jumanne nilipiga uchangiaji damu, nikaona sindano ya mtu mwingine, nikaanguka mimi. Jumatano walikuja wagombea wa uongozi wa wanafunzi, kila mmoja akitaka apigwe upande wake mzuri, na yupo mmoja ambaye huo upande naendelea kuutafuta.

Kamera ya gazeti ni moja, kadi zake za kuhifadhia picha ni mbili. Mhariri wetu ni dada wa mwaka wa mwisho tunayemwita Mkasi, kwa sababu hukata habari za watu bila huruma, na watu wenyewe pia huwakata. Ndiye aliyeniambia mapema wiki ile, "Picha ya ukurasa wa mbele inatoka kwenye sherehe ya tuzo. Ukinikosesha, kamera unaiweka mezani na mlango unaujua."

Sasa naomba mnisikilize vizuri, maana hapa ndipo nilipojikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe.

Chumba cha gazeti kina utaratibu wake. Mpiga picha hana muda wa kukaa kuchagua picha. Kwa hiyo kila tukio anachagua moja humo humo ndani ya kamera na kuiwekea alama ya ufunguo, ile inayozuia picha isifutike. Anakabidhi kadi, anapewa nyingine, anakimbilia tukio linalofuata. Mpanga kurasa hamuulizi mtu. Akiona ufunguo, anaiweka hiyo picha gazetini na maisha yanaendelea.

Alhamisi, siku ya tuzo, nilifika ukumbini mapema nikachukua nafasi nzuri chini ya jukwaa. Mwanafunzi bora wa mwaka tunamwita Bingwa, kijana mpole anayetembea akihesabu vigae. Alipoitwa, Naibu Mkuu wa Chuo akasimama na cheti mkononi, mimi nikavuta pumzi, kidole tayari.

Mgeni mmoja wa mstari wa mbele akasimama vilevile. Akanyanyua kishikwambi chake, kipana kama sinia, mbele ya pua yangu.

"Mzee, samahani, nakuomba ukae."

"Na mimi napiga, mwanangu."

"Mzee, mimi niko kazini."

"Na mimi niko kwenye sherehe."

Tulipomaliza kujibizana, Bingwa alikuwa ameshuka jukwaani. Picha niliyoipata ilionyesha kisogo cha mzee, kishikwambi, na ndani ya kishikwambi vijitu viwili vidogo vikishikana mikono.

Lakini sikukata tamaa, kwa sababu ugonjwa huu kila mpiga picha wa hafla anaujua na dawa yake anaijua. Unasubiri sherehe iishe, unamfuata mkubwa kwa adabu, unamwomba warudie kushikana mikono. Wakubwa wamezoea. Wengine hurudia vizuri kuliko mara ya kwanza.

Ukumbi ulipoanza kutoka watu nikamfuata Naibu Mkuu.

"Mheshimiwa, naomba turudie kidogo ile ya cheti."

Akacheka. "Nyinyi vijana na kamera zenu. Haya, upesi, gari linaningoja. Yuko wapi mwenyewe?"

Nikageuka. Mwenyewe hayupo. Mwenzake mmoja akaniambia Bingwa ameshakimbilia maabara kufanya jaribio, na simu huko haziruhusiwi.

"Vipi?" Naibu Mkuu akauliza, huku akitazama mlango.

"Anakuja, mheshimiwa. Dakika moja tu."

Nilidanganya ili nipate nafasi ya kufikiri. Majoho ya kuazima yalikuwa yamelundikwa juu ya meza. Ukumbini walibaki watu wa viti tu, wale vibarua wa kampuni ya mahema, wanakunja viti na kuvipanga ukutani. Nikasema nimpate mmoja, nimvalishe joho, nimpige kwa nyuma. Mgongo ni mgongo. Mkono wa Naibu, tabasamu la Naibu, kisogo cha mwanafunzi, basi, ukurasa wa mbele umepatikana.

Nikamshika bega kijana wa karibu, aliyevuta kofia mpaka kwenye nyusi.

"Ndugu yangu, nisaidie kitu kidogo."

Akageuka. Alikuwa Kaka.

Nilijua anafanya kibarua cha viti. Sikujua kampuni yake ndiyo iliyopewa kazi ya chuo chetu.

"Unafanya nini hapa?" nikamnong'oneza. "Umekatazwa kukanyaga huku!"

"Bosi anatupakia kwenye gari hasemi tunakwenda wapi. Ningemwambia nini, kwamba mimi chuo hiki nimefukuzwa? Nimevaa kofia. Hakuna aliyeniona."

"Kijana!" Naibu Mkuu akaita. "Gari langu!"

Msomaji, najua unachotaka kuniambia. Palikuwa na vibarua wengine. Ningeweza kumwacha Kaka na viti vyake nikamchukua mwingine. Lakini Naibu alishaanza kutujia, akamwona Kaka, akasema, "Ndiye huyu? Mvalishe, twende."

"We dogo una wazimu," Kaka akasema kwa meno yaliyofungwa.

"Mgongo tu, Kaka. Nakuahidi. Hata sikio halitaonekana."

Nikamvua kofia, nikamtupia joho. Nikaviringisha ratiba ya sherehe nikampa Naibu aishike kama cheti. Kaka akasimama, mimi nikakaa nyuma yake, nikapiga. Mgongo safi. Nikapiga tena. Safi.

Nilishamaliza. Ningeshusha kamera hapo, leo nisingekuwa na la kuwasimulia.

Naibu Mkuu, kwa mazoea yake tu, akamtikisa Kaka mkono na kumwambia, "Hongera sana, kijana. Umewaheshimisha wazazi wako."

Nikaona mabega ya Kaka yakitetemeka chini ya lile joho. Nikadhani analia. Nikazunguka upande wa mbele kumtazama, na kumbe hakuwa analia. Alikuwa anacheka, cheko lile la zamani la kuonyesha mwanya, ambalo nyumbani kwetu halijaonekana tangu atolewe chuo. Kwa dakika ile alikuwa amesahau viti na kamati, na hata mimi alikuwa amenisahau.

Nikapiga.

Sikumwomba ruhusa. Niliipiga kwa ajili ya Mama. Nilifikiri, mwakani mambo yakikaa sawa nitamwonyesha. Na mambo yasipokaa sawa, angalau nitakuwa nayo mimi.

Nikaogopa isije ikafutika katika zile pilika, nikaiwekea ufunguo.

Nia yangu ilikuwa niihamishie kwenye simu, niondoe ufunguo, niuweke kwenye ile ya mgongo. Kazi ndogo. Lakini mlangoni nikakutana na Mkasi.

"Umepata?"

"Nimepata, ila ngoja kwanza..."

Akanikwapua kamera, akachomoa kadi, akachomeka nyingine. "Fainali ya mabweni imeshaanza! Unangoja nini?"

"Mkasi, nipe kadi kidogo tu, kuna kitu..."

"Kuna mpira! Nenda!"

Nikaenda. Nilikumbuka habari ya ufunguo nikiwa nimekaa pembeni ya goli. Nikampigia mpanga kurasa. Hapokei. Nikampigia tena. Akipanga kurasa hutupa simu kwenye droo, chuo kizima kinajua.

Ningeweza kuuacha mpira nikakimbia. Nalikiri hilo mbele yenu. Lakini nilimwogopa Mkasi, na nikajipa moyo kwamba wataona wenyewe kuwa yule siye Bingwa. Nikabaki pale nikipiga watu wakifunga magoli.

Ijumaa asubuhi naingia chumba cha gazeti, napigiwa makofi.

"Jicho!" Mkasi akaniita kwa jina langu la utani, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alikuwa anatabasamu. "Hii ndiyo picha. Sijawahi kuona mtu aliyefurahi hivi. Nimeipa nusu ukurasa."

Akalitandaza gazeti. Kaka yangu, nusu ukurasa, joho, mwanya wote nje. Chini yake, kwa herufi nzito, jina la Bingwa.

"Mbona umekuwa kama umemwagiwa maji?" mpanga kurasa akaniuliza.

"Yameshatoka mangapi?"

"Yote. Na kwenye mtandao tangu jana jioni. Watu wanaipenda kweli kweli."

Nilitafuta kiti nikakikosa, na chumba kile kimejaa viti.

Hapo hapo mlango ukafunguliwa akaingia Bingwa. Hakupiga kelele. Laiti angepiga. Aliliweka gazeti mezani akalinyoosha kwa kiganja.

"Huyu nani?"

Mkasi akatazama picha, akamtazama yeye, akanitazama mimi. Tabasamu likamtoka.

"Baba yangu haniamini kirahisi," Bingwa akasema. "Nilimpigia jana kumwambia nimepata tuzo. Akasema atasadiki akiona. Kaona. Ananiuliza, hili jina lako mbona lina sura ya mtu mwingine? Anasema nimezidi uongo, sasa nabandika jina hadi kwenye mafanikio ya watu."

"Bingwa, tutarekebisha," nikasema.

"Nimeshakwenda kwa Mlezi wa Wanafunzi," akajibu. "Anataka kukuona kesho asubuhi kabla ya mahafali. Anasema uende na jina la huyu mtu."

Akatoka akiwa anahesabu vigae. Mkasi hakunitukana. Alinyoosha mkono kuomba kamera, halafu akaurudisha. "Maliza mahafali kwanza," akasema. "Hatuna mtu mwingine."

Wakati huo huo simu ikaita. Mama.

"Nyinyi watoto!" Alikuwa anacheka mpaka anakohoa. "Nyinyi watoto mtaniua kwa furaha! Kumbe mlinidanganya ili mnishtukize!"

"Mama, unasema nini?"

"Usinizungushe. Picha imefika kwa mama yako mdogo, naye kaniletea. Joho nimeliona. Mkubwa wa chuo anampa mkono nimemwona. Mwanangu anacheka nimemwona. Eti mahafali yamesogezwa! Gauni nimelitoa kabatini, napiga pasi."

"Mama, subiri nikueleze..."

"Utanieleza nikifika. Kesho asubuhi niko getini. Na mwambie huyo kaka yako asinifiche tena, nitamchapa hapo hapo na joho lake."

Simu ikakatika. Nilijaribu kupiga, ikawa inatumika. Anawapigia ukoo mzima, nilijua.

Nikamkuta Kaka kwenye uwanja wa mahafali, nyuma ya mahema, anashusha viti. Nilimpa gazeti. Aliliangalia muda mrefu.

"Ulinipiga uso."

"Ndiyo."

"Nilikuelewa vizuri kweli? Si ulisema mgongo?"

"Nilisema mgongo, Kaka. Nisamehe. Ulikuwa unacheka. Nilitaka Mama aje aione siku moja."

"Keshaiona?"

"Keshaiona. Anakuja kesho."

Akakaa juu ya viti vilivyokunjwa. Nilitegemea kofi, na nililistahili. Badala yake akalitazama tena gazeti, akapitisha kidole kwenye uso wake mwenyewe.

"Nilikuwa nimefurahi kiasi hiki?"

Nikakaa kando yake.

"Sikiliza," Kaka akasema. "Mimi kesho sionekani hapa. Bosi nitamwambia naumwa. Mama mwambie chochote, wewe uongo umeuzoea. Lakini Mlezi asilijue jina langu. Hao wa kamati hawanijui kwa sura, wananijua kwa jina kwenye faili. Picha haina jina langu. Ukinyamaza, hawana kitu. Wakijua nilikanyaga hapa, tena nimevaa joho la mtu, hawatanifungulia mlango maisha yangu yote."

"Nitanyamaza."

"Niapie."

"Nakuapia kwa jina la Baba."

Baba yetu ni marehemu, na kwetu kiapo hicho hakitolewi ovyo. Kaka akanirudishia gazeti, akainuka, akaendelea na viti.

Jumamosi Mama alifika kabla hata wenye joho hawajaamka vizuri. Gauni lake la kijani, viatu vya kuazima kwa mama mdogo, pochi kifuani. Getini walikuwa wanagawa gazeti kwa wageni, naye alishachukua. Alichukua manne.

"Yuko wapi?" akaniuliza hata kabla ya salamu.

"Yuko kwenye maandalizi, Mama. Hawaruhusiwi kutoka."

"Ah, sawa, sawa. Wasimsumbue." Akanikumbatia, akaninusa kichwani kama alivyofanya nilipokuwa mtoto. Kisha akafungua gazeti na uso ukabadilika. "Lakini hebu nieleze. Hili jina hapa chini la nani?"

Nilikuwa na muda wa kumwambia. Tulikuwa wawili tu kwenye benchi nje ya bweni, jua halijawa kali, hakuna anayesikia. Ningemwambia pale, angelia pale, tungelia wote na pangekuwa pazuri pa kulilia. Mdomo ulifunguka, na kilichotoka ni hiki:

"Wamekosea, Mama."

"Wamekosea?"

"Wamechanganya majina. Makosa ya gazeti."

"Na wewe si ndiye unayefanya kazi humo? Mtoto wa watu anasoma anakesha, halafu furaha yake mnampa mtu mwingine?"

"Tutarekebisha toleo lijalo. Wewe kaa hapa upumzike, nina mtu wa kumwona mara moja. Usiondoke, Mama, tafadhali."

"Nenda, baba. Mimi nipo."

Mlezi wa Wanafunzi ni mzee mtaratibu ambaye akikasirika huchonga penseli. Nilipoingia alikuwa ameshachonga nyingi, zimelala mezani zimechongoka. Gazeti lilikuwa mbele yake.

"Kaa. Jina."

"Sijui jina lake, mwalimu."

"Hujui."

"Alikuwa mpita njia tu. Bingwa alikuwa ameondoka, mheshimiwa ana haraka, nikamwomba mtu wa karibu asimame nimpige mgongo. Picha ya uso ilitoka kwa bahati mbaya. Kosa ni langu mwenyewe."

"Mtu anavaa joho la chuo, anapewa mkono na Naibu Mkuu, na wewe hukumuuliza hata jina?"

"Sikumuuliza."

Akachonga. Maganda ya penseli yakawa yanadondoka juu ya uso wa Kaka gazetini. Akapeperusha, akanitazama juu ya miwani.

"Naibu Mkuu ameona aibu. Anataka huyu mtu apatikane. Mimi nilimwambia atapatikana, kwa sababu nilidhani ni mwanafunzi wetu." Akashusha pumzi. "Kama ni mpita njia, nitamtafuta wapi? Nitasimama njia panda?"

Tumaini likaanza kunijia kidogo kidogo.

"Nitakuandikia onyo. Gazeti litaomba radhi kwa yule kijana na kwa baba yake. Na kamera unairudisha leo mahafali yakiisha, hutaishika tena ukiwa hapa chuoni. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mwalimu."

Kamera ndiyo kitu pekee nilichowahi kukijua vizuri. Iliniuma. Lakini nilisema moyoni, iende, afadhali iende yenyewe. Kaka amepona. Kiapo nimekitunza. Yamebaki ya Mama tu, na ya Mama tutayalia nyumbani.

Nikainuka. Nilikuwa nimeshashika kitasa.

Mlango ukagongwa upande wa pili.

"Hodi hapa! Samahani, mlinzi kanielekeza hapa. Natafuta mkubwa wa wanafunzi."

Sauti ile ningeijua hata usingizini. Nikataka kuushikilia mlango usifunguke, msomaji, sikudanganyi, niliushikilia kweli. Lakini Mama aliusukuma, akaingia na gauni lake la kijani na magazeti yake manne.

"Na wewe uko huku?" akashangaa kuniona. "Vizuri, tusaidiane. Shikamoo mwalimu, samahani kwa kukuingilia."

"Marahaba, mama. Karibu. Una shida gani?"

"Si shida, mwalimu, ni furaha yenye kasoro." Akatandaza gazeti juu ya gazeti la Mlezi, sura ya Kaka juu ya sura ya Kaka. "Hapa wameandika jina silo. Nimekuja litengenezwe. Nyumbani ukoo mzima unataka kuitundika ukutani, na haiwezi kutundikwa na jina la mtoto wa mwingine."

Mlezi aliiweka penseli chini polepole.

"Mama, unamfahamu huyu?"

"Kumfahamu?" Mama akacheka, akanitazama ili nicheke naye. "Nimemzaa mimi, mwalimu. Huyu hapa ni mdogo wake."

"Mama," nikasema. "Mama, twende nje."

"Subiri kwanza, jambo la jina halisubiri." Akamgeukia Mlezi, akajinyoosha, pochi kifuani. Akalitaja jina la Kaka, akalitaja la Baba, akalitaja la Babu, moja moja, taratibu, kama mtu anayeogopa mwandishi asije akakosea tena. "Andika vizuri, mwalimu. Yuko mwaka wa mwisho. Anahitimu leo."

Mlezi aliandika. Kisha akageukia kompyuta yake, akagonga herufi chache, akasoma. Nilimwona akifika mahali na kurudia kusoma. Akavua miwani.

"Mama, hebu kaa kidogo."

"Nimekaa garini njia nzima, mwalimu. Siku kama ya leo acha nisimame."

Mlezi akanitazama. Hakuwa na hasira tena, na hilo ndilo lililonitisha. Alikuwa ananihurumia.

"Mama yako hajui?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi mwambie wewe," akasema. "Mwambie hapa hapa. Usipomwambia, nitamwambia mimi."

Mama akanigeukia. Bado alikuwa anatabasamu, gazeti mkononi, akidhani ni furaha nyingine tumemfichia.

"Aniambie nini?"